Walao na chama kimoja: wamekubali, wamezoea, au wanasubiri tu?

Mtembezi87 (mleta mada)

Wakuu habari za jioni.

Juzi usingizi uligoma nikaangukia video ya ile treni ya Laos iliyojengwa na Wachina, inatoka Vientiane mpaka Boten mpakani, nikaiangalia yote alafu nikaanza kusomasoma kuhusu hiyo nchi na leo siku ya nne bado niko huko, hata kazi haziendi.

Kinachonisumbua ni hiki. Nchi ya watu milioni 7 na ushee, makabila 50 yanayotambuliwa rasmi, haina bahari, chama kimoja kimeshika kila kitu tangu tarehe 2 Desemba 1975, kinaitwa Chama cha Mapinduzi cha Watu wa Lao. Uchaguzi wa 2021 bunge lilikuwa na viti 164, wasio wanachama waliopita walikuwa 6. Sita! Na hao sita nao si wapinzani, maana upinzani haupo kisheria.

Sasa angalia majirani. Thailand kila baada ya miaka michache watu wako barabarani, Myanmar kunawaka moto, hata Vietnam ambao ni chama kimoja vilevile unasikia wakulima wamegoma ardhi yao. Laos kimya. Deni la taifa lilipita hadi pato la nchi nzima la mwaka, hela yao kip imeanguka vibaya, Februari 2023 mfumuko wa bei uligonga zaidi ya asilimia 40, na bado kimya. Nimetafuta maandamano nimekuta moja tu la Oktoba 1999, wanafunzi na walimu kadhaa Vientiane, wakadakwa hata kabla bango halijafunguka vizuri.

Swali langu wanaojua: Walao wenyewe wanaonaje? Wanakipenda hicho chama, wanakiogopa, au ndo wameshazoea? Na mnadhani kinaweza kufika wapi, miaka 50 mingine?

Naomba tusiingize siasa za kwetu humu, tubaki Laos, maana nazijua tabia zenu.

---

Kapteni Mluzi

Mkuu siku ya nne huko na bado hujanunua tiketi? Nangoja majibu ya wakubwa hapa, nimevuta kigoda.

---

mzee_wa_kumbukumbu

Mleta mada swali zuri, ngoja nikuchoshe kidogo maana hili haliwezi kujibiwa kwa kuanzia kwenye bei ya dola.

Kwanza hicho chama hakikutokea angani. Kilianzishwa Machi 1955 maporini kaskazini mashariki, na baba yake mzazi ni chama cha Wavietnam. Kiongozi wake Kaysone Phomvihane baba yake alikuwa Mvietnam, yeye mwenyewe alisoma Hanoi. Uso wa mbele ukawa mwanamfalme Souphanouvong, yule wa damu ya kifalme aliyejiunga na wakomunisti, na kaka yake wa baba mmoja Souvanna Phouma ndiye alikuwa waziri mkuu wa upande usiofungamana. Yani vita ya Laos ilikuwa pia ugomvi wa ndani ya ukoo mmoja, hilo lishike, tutarudi kwenye mambo ya koo.

Pili mabomu. Kati ya 1964 na 1973 Marekani walimwaga huko zaidi ya tani milioni 2, ukigawanya inakuja ndege moja kila dakika 8 usiku na mchana kwa miaka 9. Na nchi haikuwa imetangaziwa vita. Yale mabomu ya kutawanya, moja linafunguka angani linamwaga vijibomu mamia, wenyewe wanaviita bombi, inakadiriwa vilidondoshwa milioni 270 na theluthi moja hivi havikulipuka. Mkoa wa Xieng Khouang mpaka leo mtu analima kwa hesabu, mtoto anaokota kitu kama chungwa anaondoka nacho. Kuna kijiji kinaitwa Ban Napia watu wanayeyusha mabaki ya mabomu wanatengeneza vijiko wanauzia watalii. Sasa chama kinapomwambia mwanakijiji kwamba "sisi ndio tuliowatoa wale waliokuwa wanawadondoshea haya", hiyo siyo propaganda tupu, shimo liko nyuma ya nyumba yake analiona.

Lakini tatu, na hapa wanaoipamba ile serikali huwa wanaruka, walipoingia madarakani waliwatenda watu wao vibaya sana. Mfalme Savang Vatthana alijiuzulu mwenyewe kwa amani, mwaka 1977 wakampeleka kambini huko Viengxay, kaskazini mashariki, akafia huko, hata kaburi halionyeshwi. Maafisa na askari wa serikali ya zamani waliambiwa wanakwenda "samana", yani semina, wengine semina ilichukua zaidi ya miaka 10. Wahmong, kabila la milimani, waliopigana upande wa Marekani chini ya jenerali wao Vang Pao waliwindwa huko huko milimani. Kama mtu mmoja katika kila kumi alivuka mto Mekong akaenda zake. Fikiria hiyo: wasomi, madaktari, wafanyabiashara, kila mwenye uwezo wa kupinga kesho yake, wameondoka wenyewe. Chama kilibaki na nchi isiyo na mtu wa kukijibu. Kwa maoni yangu hilo ndo jibu la nusu ya swali lako. Wapinzani wa Laos wapo, ila wako California, Minnesota na Ufaransa, wamezeeka, wajukuu zao hawaongei hata Kilao vizuri.

Alafu watu wanasahau kwamba Walao waliishinda serikali mapema kabisa bila kuandamana. 1976 wakubwa walijaribu kuzuia watu kuwapa watawa wa Kibudha wali wa asubuhi, eti watawa wakalime. Raia walichukia, haikufika mbali wakalegeza. 1978 wakaanzisha mashamba ya ujamaa, mkulima akaona bora ng'ombe wake amchinje amle kuliko kumpeleka kwenye ushirika, wengine wakavuka mto, mwaka uliofuata mpango ukasimamishwa. 1986 wakafungua uchumi kabisa wakauita "fikra mpya". 1991 wakaandika katiba, na kwenye nembo ya taifa wakatoa nyundo na mundu na nyota nyekundu wakaweka picha ya That Luang, lile jengo takatifu la Kibudha la Vientiane. Chama cha kikomunisti kinaweka stupa kwenye nembo! Miaka ya 2000 wakasimamisha sanamu ya mfalme Fa Ngum, na 2010 ya Anouvong. Waliomuua mfalme wa mwisho sasa wanatambikia wale wa zamani.

Kwa hiyo mimi nakiona kama chama kinachojua kurudi nyuma. Kila kilipobanwa kwenye dini na chakula kilirudi nyuma. Kwenye kitu kimoja tu hakijawahi kurudi: kugawana madaraka. 1990 maofisa watatu wa serikali yenyewe walidai vyama vingi. Walipigwa miaka 14 kila mmoja. Naibu waziri Thongsouk Saysangkhi alifia gerezani 1998, wenzake wawili wakatoka 2004 baada ya kumaliza.

---

Chuma_Chapua

Mzee nakuheshimu lakini hapo kwenye "kinajua kurudi nyuma" umewaremba mno.

Sombath Somphone umemuacha wapi? Huyu hakuwa mwanasiasa, ni mtu wa kilimo na elimu vijijini, alipewa tuzo ya Ramon Magsaysay 2005. Tarehe 15 Desemba 2012 jioni anarudi nyumbani na gari lake, barabara ya Thadeua hapo hapo Vientiane, akasimamishwa kwenye kituo cha polisi. Kamera ya barabarani imerekodi kila kitu, anashushwa, mtu mwingine anakuja anaondoka na gari lake, yeye anaingizwa kwenye pikapu inaondoka. Mke wake alikwenda polisi akaonyeshwa ile video akairekodi kwa simu, ndo maana dunia ina ushahidi. Mpaka leo hajulikani alipo. Serikali ikasema haijui. Kituo cha polisi chao, kamera yao, hawajui.

Sasa mtu akitoweka namna hiyo mbele ya kamera na hakuna kinachofanyika, wewe mwalimu wa kijijini utafungua mdomo? 2014 wakatoa amri ya mtandao, kukosoa chama fesibuku ni kosa. 2019 yule binti wanamwita Muay alienda laivu akilalamika serikali inavyochelewa kusaidia watu wa mafuriko kusini. Mafuriko jamani, siyo mapinduzi. Miaka 5 jela na faini kip milioni 20. Aprili 2023 kijana mwingine mwenye kurasa za kukosoa alipigwa risasi akiwa mgahawani Vientiane, kwa bahati akapona.

Kwa hiyo mleta mada jibu fupi: ni woga. Msitafute falsafa za Kibudha hapo. Ukimya wa mtu aliyekabwa koo si ridhaa. Na kwa maoni yangu vitu vya hivi vinadumu mpaka siku moja asubuhi unaamka havipo, hakuna anayejua siku.

---

Dada_wa_Isan

Habari zenu kaka zangu. Nimesoma kimya kimya ila Chuma umenifanya niingie, maana nimekaa karibu na hao watu.

Nilisoma Khon Kaen, Thailand, ile sehemu ya kaskazini mashariki wanaita Isan. Watu wa Isan kwa asili ni Walao, lugha ile ile, wali ule ule wa kunata wanakula kwa mkono, na ni wengi kuliko Walao wote walioko Laos kwenyewe mara kadhaa. Mleta mada hili uliweke kichwani kwanza, mpaka ulikata taifa moja katikati na sehemu kubwa ikabaki ng'ambo. Niliyekaa naye chumba kimoja alikuwa Mlao wa kutoka nje kidogo ya Vientiane, kwa hiyo likizo nilikuwa navuka daraja la Nong Khai naenda kwao, nimeenda mara nyingi mpaka mama yake akawa ananiita mwanangu.

Asubuhi kabla hakujapambazuka vizuri kipaza sauti cha kijiji kinaanza, muziki kwanza, alafu taarifa ya habari, alafu mwenyekiti wa kijiji, nai ban wanamuita, anakumbusha usafi na mkutano. Wakati huohuo bibi mwenye nyumba amepiga magoti barabarani na kikapu chake cha wali anasubiri watawa wapite. Nyuma yake kwenye nguzo bendera mbili, ya taifa na ile nyekundu ya nyundo na mundu. Bibi wala hageuki. Mtangazaji anaongea, bibi anagawa wali, watawa wanapita wanasoma dua. Nilikuwa nasimama mlangoni natazama najiuliza nani hapa anamsikiliza nani.

Jioni kipaza sauti kikiwashwa tena hakuna anayesikia kabisa kwa sababu runinga imefunguliwa stesheni za Thailand, tamthilia, habari, kila kitu. Hawa watu wamekua wanaangalia Wathai wakiandamana, wakipigwa, wakichagua, wakipinduliwa na jeshi 2006, tena 2014. Baba wa rafiki yangu, mzee mwanachama wa chama tangu ujana, alikuwa akiona hizo habari anatikisa kichwa anasema "unaona?" Ndo hoja yake yote hiyo. Unaona. Na mimi kwa kweli sikuwa na la kumjibu.

Sasa Chuma, woga upo, sikatai. Kuna majina huyataji. Mimi niliwahi kutaja hilo la huyo mzee aliyetoweka, nikiwa mgeni nisiyejua, mezani tunakula, rafiki yangu akanigusa mguu chini ya meza. Mama akaniongezea samaki. Hakuna aliyekasirika, ila halikujibiwa na sikurudia. Lakini si woga peke yake, ungekuwa woga peke yake pale nyumbani ningeona sura za woga, na sikuziona. Kuna kitu kama mazoea ya kuishi na mkwe mgumu: una njia ya kumpita. Chama kipo kila mahali, umoja wa wanawake, umoja wa vijana, vyama vya wafanyakazi, kitongoji hadi kitongoji, lakini aliyekalia hizo nafasi ni shangazi yako, jirani yako, mwalimu wako. Huwezi kumchukia mtu aliyekufunga uzi mkononi ulipopata homa (wana sherehe wanaita baci, wanakufunga nyuzi nyeupe kwenye kifundo cha mkono kukurudishia roho, mimi nilifungwa kama ishirini siku moja naondoka).

Na ile nyingine ni Thailand yenyewe. Kijana asiye na kazi Laos hakai akaiva hasira, anavuka mto. Kiwandani, kwenye ujenzi, kuosha vyombo, kuna laki kadhaa wako kule. Hela inarudi nyumbani kwa simu. Mlango wa nyuma uko wazi, nani atavunja wa mbele?

Nilichokiona mwenyewe kinawatikisa ni hela. Mei 2022 nilikuwa kule, petroli imekwisha, foleni za pikipiki zinazunguka mtaa, kaka yake rafiki yangu alilala kituoni. Na hiyo ndo mara ya kwanza nikasikia watu wanaongea kwa sauti, sokoni, wageni mbele ya wageni, wanaisema serikali. Siyo chama, wanasema "wakubwa". Miaka michache kabla dola ilikuwa kip elfu 9, ikaja elfu 17, ikapita elfu 20. Noti zao kuanzia elfu 2 mpaka laki zote zina sura ya Kaysone, kwa hiyo kadiri kip inavyoanguka ndivyo unavyobeba Kaysone wengi zaidi kununua kilo ile ile ya nyama. Huo ni utani wa sokoni siyo wangu, nimeusikia kwa muuza mboga.

---

Kapteni Mluzi

Dada hapo kwa muuza mboga umeniua 😂 endelea.

---

Mtembezi87

Dada asante sana, hii ndo nilikuwa natafuta. Sasa naomba msaada hapa: hilo deni limetoka wapi hasa, ni treni tu? Na mnaposema "wakubwa" ni kina nani, ni wazee wa vita bado au wameshabadilika?

---

mzee_wa_kumbukumbu

Treni ni sehemu. Iligharimu karibu dola bilioni 6, ilifunguliwa Desemba 2021, China ina asilimia 70 ya kampuni na Laos 30, na huo mchango wa Laos wenyewe sehemu kubwa umekopwa huko huko China. Lakini mzigo mkubwa zaidi ni umeme. Walitaka kuwa betri ya Asia ya Kusini Mashariki, wakajaza mabwawa kwenye kila mto, umeme unauzwa Thailand, mikopo inabaki nyumbani. Moja, la Xe-Pian Xe-Namnoy, tuta lake lilipasuka Julai 2018 mkoa wa Attapeu, vijiji vikasombwa usiku. Deni lilipobana shirika la umeme wakalazimika kuingia ubia kwenye njia kuu za kusafirishia umeme, na mwenye hisa nyingi ni kampuni ya serikali ya China. Nguzo na nyaya hizo. Vietnam ndiye baba wa kisiasa, ila bili analeta China. Hapo ndipo chama kina kazi, kwa sababu maneno yao yote ya kujitawala na uhuru yanaanza kusikika vibaya mtu akisoma kibao cha stesheni kimeandikwa Kichina.

Wakubwa ni kina nani. Ndo nilisema mshike la koo. Wazee wa pangoni, wale waliopigana vita wakijificha mapangoni, karibu wote wamekwisha. Khamtay Siphandone, jenerali aliyeongoza chama baada ya Kaysone kufa 1992 mpaka 2006, alifariki Aprili 2025 ana miaka 101. Lakini mwanae Sonexay alikuwa ameshakuwa waziri mkuu tangu Desemba 2022, baada ya aliyekuwepo kujiuzulu katikati ya ile shida ya uchumi. Binti yake Viengthong akapewa urais wa mahakama kuu 2021. Mwaka huohuo uspika wa bunge ukaenda kwa Xaysomphone Phomvihane, mtoto wa Kaysone. Serikali, mahakama, bunge. Katibu mkuu Thongloun Sisoulith aliyeshika 2021 yeye hakuzaliwa kwenye ukoo mkubwa, na alipokuwa waziri mkuu 2016 alipiga marufuku kusafirisha magogo nje na akaamuru magari ya kifahari ya maofisa yauzwe, watu walimpenda kweli. Lakini yeye ni mpango wa muda, watoto ndo mpango wenyewe.

Kwa hiyo ukiniuliza mustakabali, mimi sioni vyama vingi. Naona chama kinageuka polepole kuwa koo chache zenye kadi. Na koo zinagombana, tumeshaona za kifalme.

---

Chuma_Chapua

Hapo mzee nakuunga mkono, na Dada nimekuelewa, hilo la mlango wa nyuma sikulifikiria.

Ila bado nauliza: mtoto wa kiongozi hajaishi pangoni, hajapigana. Baba zao wakisema "tuliwatoa Wamarekani" walikuwa na haki. Huyu wa sasa atasema nini? Obama mwenyewe alikwenda Vientiane Septemba 2016, rais wa kwanza wa Marekani aliye madarakani kufika, akaahidi dola milioni 90 za kutegua mabomu, wakapeana mikono. Adui kaondoka, hadithi imeisha. Kinachobaki ni utumbo: unashiba au hushibi. Mshahara wa chini mwishoni mwa 2022, kwa dola ile, haukufika 80 kwa mwezi. Kuvuka mto tu unazidisha mara tatu nne.

Na mlango wa nyuma siku Thailand wakiufunga je? Uchumi wao nao unayumba, hawana mkataba wa kuwabeba watoto wa wenzao milele.

---

Dada_wa_Isan

Chuma siku Thailand wakifunga ndo siku ya kuangalia, hapo tuko pamoja kabisa. Hata wao wenyewe wanalijua.

Lakini usidhani hakuna kabisa pa kusemea. Bunge likikaa huwa wanafungua simu ya wananchi, watu wanapiga, malalamiko mengi ni ardhi, mtu kachukuliwa shamba na mwekezaji wa mpira au ndizi akalipwa fidia ya kuchekesha. Wakati mwingine yanasomwa bungeni na waziri anajibu. Ukisema "ofisa fulani ameniibia" unasikilizwa kidogo, ukisema "chama kimetuibia" hurudi nyumbani. Kila mtu anajua mstari uko wapi, watoto wa darasa la tano wanajua.

Mtembezi uliuliza wanakipenda, wanakiogopa, wamezoea. Nikupe mfano wa nyumba ile ile. Yule mzee mwanachama ana watoto wawili. Wa kiume, aliyelala kituo cha mafuta, sasa yuko kiwandani upande wa Thailand, na kila mwezi anatuma zaidi ya pensheni ya baba. Wa kike, huyo rafiki yangu, alikuwa umoja wa vijana tangu sekondari, si kwa imani, kwa sababu bila hiyo kazi ya serikali unaisikia tu redioni. Alijifunza Kichina akaenda kufanya kazi kwenye treni, siku ya kwanza alinitumia picha na sare yake, mama analia kwa furaha utafikiri ni harusi.

Mwaka jana wakamwambia aombe uanachama kamili. Ni heshima, si kila mtu anaombwa, mwaka 2021 nchi nzima wanachama walikuwa laki tatu na kitu. Baba alifurahi mpaka akamletea fomu mwenyewe. Nilipoongea naye kwenye simu wiki mbili zilizopita nikamuuliza umeshajaza? Akasema bado, iko kwenye droo, kuna ada, kuna vikao kila mwezi, kuna kuandika historia ya maisha yako yote na ya ukoo wako, na kuna mjomba wa mama aliyeondoka 1976 yuko Ufaransa hawajui wamwandike vipi. Nikamwambia baba atakasirika. Akasema anasubiri kwanza mshahara wa mwaka huu watangaze ni kiasi gani, alafu kaka yake amemwambia kiwandani kwao wanatafuta mtu anayejua Kichina.